Kigoda cha Mzee Chenge

Jumatatu, 2 Juni 2025

Umetoka wapi wewe mwanamke? Tangu Pasaka hujafungua daftari hili! Kalamu imekauka, mende wametafuna kurasa pembeni, na wewe upo tu, unazunguka na ungo kama huna habari. Paskazia, nakusema wewe. Ulijifunza herufi na mvi kichwani ili uziache zioze? Hakuna mwingine anayesoma humu. Ukikaa mbali wewe, humu hamna mtu.

Haya. Nimejigombeza, yameisha. Kaa uandike.

Habari kubwa: Winnie na Masele wamemaliza gemu la pili! Karibu wamemaliza. Mjukuu wangu Winnie kazi yake ni kutengeneza magemu ya kompyuta. Siioni aibu, ingawa kule jumuiya ya kanisani wapo wanaodhani anacheza kamari. Mwenzake Masele anachora. Winnie anapanga njia na mafumbo, mtu apite wapi, afungue nini, akwame wapi. Wanafanyia kazi sebuleni kwangu hapa Igoma, na wanakula kama wavunaji.

La kwanza nililimaliza mwenyewe mwaka juzi. La yule mama anayetafuta ng'ombe wake kati ya mawe ya ufukweni. Yule mama ni mimi. Winnie wala hakuficha — kanga yangu, kuchechemea kwangu, hata msonyo wangu alinirekodi nikidhani anapiga simu. Na ufuko ule ni wa kwetu, upande wa Magu, kabla ziwa halijapanda likachukua nyumba. Nyumba yangu imo mle! Mlango tu walikosea, wakaupaka kahawia. Mlango wangu ulikuwa buluu. Marehemu mume wangu Machibya aliupaka kwa rangi iliyobaki kwenye mtumbwi, akapaka na kuku mmoja bila kukusudia. Nilimwambia Winnie. Akasema Bibi, hilo limeshatoka, haligusiki tena, subiri la pili.

Nimesubiri. Kesho naanza.

Jumanne, 3 Juni 2025

Wameizamisha nyumba yangu!

Nimefungua tu — maji. Shamba la mihogo maji. Zizi maji. Winnie ananiambia Bibi, hii ni miaka mingi baadaye, ziwa limepanda, kama ilivyokuwa. Kama ilivyokuwa! Ilivyokuwa naijua mimi, magodoro nilibeba mimi. Nikawaambia wote wawili: nilidhani mmenitengenezea pa kurudi, kumbe mmenirudishia mafuriko!

Masele akainamia sahani yake kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali.

Winnie akanishika mkono. Nyumba ipo, Bibi. Ipo chini kabisa, mwisho wa gemu. Ukifumbua mafumbo yote unashuka mpaka ndani. Nikauliza, na mlango? Akacheka. Akasema tafuta.

Mchana nachambua mchele nyuma ya nyumba, nikawasikia wanabishana. Masele anataka kukata ile sehemu ya mwisho, ya nyumba. Watu wawili waliowapa wajaribu wamekwama pale kwenye ua wa juu, kabla ya kushuka, wakaacha. Anasema mchezaji akikwama sana anafunga kompyuta na harudi. Bora liishie kilimani, mtu atazame ziwa, muziki upigwe, basi. Winnie anasema nyumba ndiyo gemu lenyewe. Chai ikapoa. Mwisho wakapatana hivi: Jumamosi ya wiki ijayo wanalifunga, Jumapili linakwenda kwa watu. Akipatikana hata mmoja wa kufika nyumbani bila kuambiwa kitu, nyumba inabaki. Asipopatikana, inakatwa.

Nikatokea na ungo wangu. "Huyo mmoja ni mimi."

"Bibi, shikamoo," Masele akasema, "lakini wewe..."

"Marahaba. Lakini mimi nini? Malizia."

Hakumalizia. Ana adabu, ila ni mwembamba mno.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Jana sikuandika. Nilikuwa kwenye mtumbwi kutwa.

Kuna kitufe kile kirefu cha chini, ndicho cha kukaa. Ukikibonyeza, mama wa kwenye gemu anakaa, na kasia linashikika. Ukikisahau, anatumbukia. Nimemtumbukiza sana, maskini.

Malalamiko yangu nimewapa uso kwa uso: nchi mmeifanya kubwa mno! Kwenye la kwanza kila jiwe lilikuwa na kitu nyuma yake. Kuku anayeatamia. Mzee anayeshona nyavu. Katoto kanakuuliza unakwenda wapi. Huku ni maji, matete, maji. Mmeongeza nchi, hamkuongeza watu. Masele akaandika. Winnie hakuandika. Aliniuliza tu: "Bibi, ziwa lilipopanda, pale kwetu alibaki nani?"

Tulihama wote.

Sawa. Lakini hata kunguru? Kunguru hahami!

Halafu likatokea jambo. Napiga kasia, napita nyuma ya matete, naona kisiwa kidogo, jiwe juu ya jiwe, kama mama kabeba mtoto. Nikasema hiki kisiwa sikijui. Nikazunguka upande wa pili — Mungu wangu! Si kisiwa! Ni lile jiwe lililokuwa katikati ya mihogo kwenye gemu la kwanza! Nililipita kwa miguu mpaka nikalichoka. Sasa naliona kwa nyuma, maji yamelifika kiunoni. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu Bimdogo akauliza kutoka kwake nani amekufa. Hajafa mtu! Nimejua nilipo! Nchi ni ile ile. Hawakunitupa ugenini hawa watoto, wamenirudisha nyumbani kwa kunipitisha uani.

Winnie alikuwa haangalii kioo cha kompyuta. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikambusu utosini, nikamtuma akaoshe masufuria.

Jioni: wameweka kunguru. Mmoja. Kakaa juu ya nguzo iliyozama, ana kiburi kama Bimdogo.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Idi. Bimdogo kaleta pilau, sahani imefunikwa na sahani, akakaa kunitazama nikicheza. Hana anachojua huyu ila hanyamazi.

Fumbo la leo ni la kengele za ng'ombe. Ziliachwa zizini watu walipohama, sasa maji yanazitikisa huko chini. Unavaa vile vya masikioni, unasikia ikilia kushoto, unapiga kasia kushoto. Ikilia kulia, kulia. Zuri! Lakini mimi nilizunguka kama pia. Kulia, kulia, kulia, narudi pale pale.

Bimdogo akauliza, huku ana mfupa mdomoni, "Wewe sikio la kushoto si lilishakufa?"

Kweli bwana. Nikavigeuza hivyo vidude, cha kushoto nikakiweka kulia, nikasikiliza upya, nikavigeuza tena. Nikapata kengele zote.

Masele akasema hapo nimesaidiwa, haihesabiki. Bimdogo akamgeukia. "Mimi nimesema habari za sikio lake. Sikio lake limo kwenye gemu lenu?" Winnie akaamua sikio si fumbo. Masele akapewa pilau, akatulia. Anakula vizuri siku hizi, namwona shavu linakuja.

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Padri anahubiri moto, mimi mawazo yapo kwenye maji. Nisamehewe.

Fumbo la kisima. Unatakiwa usimamishe mtumbwi juu kabisa ya kisima kilichozama. Alama yake ni kukumbuka kilikuwa upande gani wa lile jiwe. Nani asiyekijua kisima chake! Nikaenda kulia kwa jiwe. Hamna. Mbele zaidi kulia. Hamna. Nimetesa mtumbwi tangu tulipotoka misa mpaka jua likaanza kulala, Winnie ananipitia nyuma kimya, anauma kidole.

Ndipo nikakumbuka — kwetu kilikuwa kulia. Lakini kwenye gemu la kwanza kilikuwa kushoto! Nilimgombeza Winnie wiki nzima mwaka ule kwa kukihamisha kisima cha watu. Kugombeza kumbe ni akiba. Nikaenda kushoto. Ndoo ikapanda na maji, na ufunguo ndani.

Nimejifunza hapo: gemu la pili halikumbuki kwetu. Linakumbuka gemu la kwanza. Uyashike yote mawili na usiyachanganye.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimefika ua wa juu!

Ni ule ule tulioujenga mlimani tulipokimbia maji. Siku ile tulipandisha tulichoweza, kila mtu na mzigo wake. Kinu. Jiwe la kusagia. Chungu kikubwa. Na kigoda cha baba mkwe, Mzee Chenge, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki miaka mingi, lakini nani angekiacha? Vyote wameviweka. Kigoda nilikitambua kabla sijakifikia. Miguu mitatu, ufa mmoja, waya kwenye ufa. Ndicho hiki hiki kilichopo chumbani kwangu kwenye kona ya dirisha, kimefunikwa kitambaa. Masele alikwenda Bujora kwenye makumbusho kutazama vigoda, akarudi akasema hakuna kilichompendeza kama hiki. Alikichora nikiwa nimemsimamia, asikiguse.

Ukiingia uani sauti inasema: kila kilichopandishwa huku, kitumie kama kilivyotumika nyumbani. Maji ya kule chini yatakuwa safi, njia itaonekana.

Rahisi! Nikatwanga. Maji yakasafika kidogo. Nikasaga. Yakasafika tena. Chungu nikakiinjika kwenye mafiga — naona kitu kama paa! Kikabaki kigoda tu. Nikakifanyia kinachopaswa. Nikakifuta vumbi, nikapiga magoti, nikasalimia, nikarudi kinyumenyume bila kukipa mgongo.

Hakuna kitu. Maji yametulia pale pale.

Pengine sikusalimia vizuri. Kesho.

Jumanne, 10 Juni 2025

Kigoda kimenishinda. Nimekifuta vumbi mpaka kitatoboka. Mchicha umeungua.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimejaribu kukiletea maji ya kunywa. Nimejaribu kukiwekea chakula mbele. Nimekihamishia kivulini, maana Mzee hakupenda jua. Nimetwanga upya, nimesaga upya, labda nilikosea mpangilio. Nimempigisha yule mama magoti mpaka nadhani ana sugu.

Winnie anatoka nje kila nikipiga magoti. Nikamuuliza unakwenda wapi? Kupunga hewa. Hewa gani, humu ndani madirisha yote yako wazi!

Nilimkuta Masele peke yake, anatengeneza ule mwisho wake wa kilimani. Ziwa, jua, ndege wanaruka. Ni pazuri, nisiseme uongo. Nikamwambia, wewe kijana unataka sana nishindwe. Akashtuka. Akasema hapana Bibi. Kisha akanionyesha kwa simu, haraka, kipande kidogo tu cha ukuta. Ukuta wa udongo na alama za vidole, vile tulivyokuwa tunakandika. "Nimeichora nyumba yako mwezi mzima," akasema. "Kama hakuna atakayeifikia, nimechorea samaki. Bora niikate mwenyewe kuliko ikae huko chini haina mtu."

Nikamwongezea uji.

Siku zinakwisha. Jumamosi hiyo inakuja. Mimi ndiye niliyetokea na ungo nikajitapa, na mimi ndiye nitakayeifanya nyumba yangu ikatwe. Mara ya kwanza ilichukuliwa na ziwa. Ziwa huwezi kuligombeza. Safari hii ni mimi.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Bimdogo huyu!

Kaja asubuhi kuazima kibao cha mbuzi akune nazi. Nakitafuta jikoni, narudi chumbani, namkuta amekaa. Wapi? Kwenye kigoda cha Mzee Chenge! Kitambaa kakikunja kakiweka pajani, anajipepea!

"Bimdogo! Inuka! Inuka hapo haraka, hicho ni kigoda cha mkwe wangu!"

"Magoti yananiuma."

"Inuka!"

"Mwenzangu, kiti ni cha kukalia. Na huyo mzee alikuwa mkwe wako, si wangu. Mimi mahari yake nilikula lini?"

Nilimwinua kwa mkono. Tukasukumana, tukacheka, nikamtukana, akanitukana, akaondoka na kibao cha mbuzi. Nikabaki na kitambaa mkononi.

Kiti ni cha kukalia.

Nikakaa kitandani. Kitumie kama kilivyotumika nyumbani. Kilitumikaje nyumbani? Kilikaliwa! Jioni, mlangoni, miguu imenyooshwa. Basi hicho ndicho wanachotaka! Siku zote hizi kitufe cha kukaa kipo chini ya kidole gumba changu na hakijanijia hata mara moja. Hata kwa bahati mbaya! Labda na wale wawili waliokwama walikiogopa.

Furaha yangu haikufika mbali. Mimi? Nikae kwenye kigoda cha baba mkwe? Tangu nilipoletwa pale nikiwa msichana mpaka tunamzika, sikukikalia, sikukiruka, sikupitisha mguu juu yake. Chakula nilikiweka chini, nikapiga magoti, nikaondoka. Mzee hakuwa mkali. Alikuwa na kicheko cha chini chini kama maji ya kuchemka. Lakini mpaka ni mpaka. Winnie anataka nimkalie mzee kigoda chake, tena Masele ananitazama?

Sikai. Wakate.

Jioni. Nimekula chakula bila kukionja. Wasikate. Lakini sikai.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Leo sikucheza. Nilimtazama tu yule wa kwenye gemu.

Nilimpeleka pembeni ya maji nikamsimamisha, kivuli chake kikaonekana majini, uso na kila kitu. Wiki nzima nimemtazama mgongo! Kumbe ana buti za mpira. Nywele za kusuka. Vya masikioni vinaning'inia shingoni. Hachechemei. Juu ya nyusi ana kovu. Kovu lile nalijua mimi, maana niliosha damu yake: Winnie alianguka kwenye ngazi za kanisa akimkimbiza mbuzi.

Huyu si mimi!

Gemu la kwanza lilikuwa mimi, nikafungua la pili nikajua ni mimi tena. Hakuna aliyeniambia hivyo. Hakuna niliyemuuliza. Nimevaa tu, kama mtu anayevaa kanga iliyo karibu. Miaka imepita mle ndani, Winnie alinieleza siku ile ile ya kwanza, mimi nashughulika na kugombeza. Aliyerudi kutafuta nyumba si yule mama. Ni mjukuu wake. Na mimi nimemvika mtoto ukwe usio wake! Nimempigisha magoti mbele ya kigoda cha babu yao kama mkazamwana, ndiyo maana Winnie anakwenda kupunga hewa. Alikuwa anacheka nje yule, au analia, au vyote.

Halafu nikakumbuka. Baba yake Winnie, Mayala wangu, alipokuwa mdogo wa kutambaa, alikuwa anakikwea kigoda kile Mzee akiwepo. Anampokonya! Na Mzee anaondoka, anakaa chini mavumbini, anacheka kile kicheko chake, anamwita mtoto "Baba". Siku ya kwanza nilikimbia kumtoa. Mzee akanizuia kwa mkono. Akasema mwache, huyu ndiye mwenyewe.

Kwa hiyo wapo waliokikalia. Wajukuu! Wajukuu walikuwa na ruhusa siku zote.

Winnie hakumkuta. Alizaliwa mzee ameshalala siku nyingi. Yeye ni kitukuu, hajawahi kukikwea wala kupigiwa kicheko. Na humu ndani kimefunikwa kitambaa, na mimi nimemlea kwa kumwambia usikiguse, usikiguse.

Anataka kukaa kwa babu yake, mtoto wangu. Ametengeneza ziwa zima ili akae.

Shida imebaki moja. Yeye ni Winnie, lakini vidole vinavyobonyeza ni vyangu. Vya mkazamwana. Nimeviangalia sana leo. Vimekakamaa.

Sijasema kitu kwa mtu. Nimechinja kuku. Winnie akauliza kuna sherehe gani? Nikamwambia kula, usiniulize maswali, wewe ulikataa kujibu yangu.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Umeme hakuna tangu alfajiri. Naandika mbio mbio, kila mtu yuko nje.

Laptopu ilikuwa na chaji kidogo iliyobaki ya jana. Masele akasema Bibi, harakisha, betri hii ni mzee kuliko wewe. Bimdogo kaja na kiti chake mwenyewe, kakibeba kichwani, anaingia anasema leo nisisingiziwe. Winnie kasimama nyuma yangu. Nasikia anavyopumua.

Nikawaambia ngojeni kwanza.

Nikaenda chumbani, nikakitoa kitambaa kwenye kigoda. Nikapiga magoti mimi mwenyewe, haya ya kwangu, yenye maumivu. Nikasalimia kwa Kisukuma, kama zamani. Nikasema Baba, samahani. Anayekaa si mimi. Ni kitukuu wako, binti wa Mayala yule aliyekuwa anakupokonya. Hukumwona, ni mzuri, ni mkaidi. Mimi namsindikiza tu, nimemshikia mkono.

Nikangoja kidogo. Kuku akalia nje. Nikachukulia ni ruhusa.

Nikarudi. Nikambeba binti mpaka kigodani, nikamgeuza, nikabonyeza kile kitufe kirefu.

Akakaa!

Akanyoosha na miguu! Na buti zake! Sikumfundisha mtu hivyo, Winnie hakumwona mzee, sijui alinisikia wapi nikisimulia. Na kikatoka kicheko, cha mtu mzima, cha chini chini. Nikashika kifua. Winnie akaninong'oneza ni Masele, alirekodiwa akiwa na mafua. Nimemsamehe. Si sawa sawa, lakini ni jirani yake.

Na maji! Yakawa kama kioo. Yakaonekana yote — zizi, kisima (kushoto), shina la mpapai, njia ya kwetu nyeupe inashuka. Bimdogo akasema "La ilaha!" Masele kasimama amejishika kichwa. Winnie akaniegemea begani, uzito wake wote, kama alivyokuwa akinisinzia kanisani. Nikamwambia jisimamie, nafanya kazi.

Nikainuka, yaani binti akainuka, tukashuka. Hatuzami. Tunatembea tu humo majini, samaki wanapisha. Nikafika ukutani. Zile alama za vidole! Nyingine ndogo ndogo, za watoto. Nikapita pembeni ya ukuta, polepole, nageuka kona kwenda mbele, mlangoni —

Giza. Kioo kimezima.

Kelele za humu ndani zingeamsha wafu. Bimdogo alimlaumu Masele. Masele alilaumu betri. Winnie amekwapua laptopu na waya, ametoka mbio mpaka kwa Antoni kinyozi mwenye sola, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna.

Nikamuuliza Masele: haya, nimefika, sijafika? Masharti yalisema kufika nyumbani.

Akanitazama. Macho mekundu, anasingizia moshi, na sijawasha moto. "Bibi, ulikuwa ukutani. Hukuwa mlangoni." Halafu akasema gemu linajihifadhi mlangoni. Kama halikujihifadhi, tunaanzia ua wa juu. Kutwanga, kusaga, chungu, na kile.

"Na kile nini? Sema. Na kukaa."

"Na kukaa."

"Basi nitakaa tena. Nitakaa mpaka jua lizame. Na wewe ule mwisho wako wa kilimani uukunje uuweke kabatini."

Akacheka, kijana huyu. Akasema hajaufungua tangu jana. Alinusa kuku, akajua.

Hakusema inabaki. Hakusema inakatwa. Amekwenda kumfuata Winnie, na Bimdogo nyuma yake na kiti kichwani. Nimebaki na kigoda, hakina kitambaa, sijakifunika. Nadhani sitakifunika tena. Winnie akirudi nitamwambia akikalie anapofunga viatu.

Wananiita. Bimdogo anapiga kelele tangu kwa kinyozi mpaka huku, Igoma nzima inamsikia: kimewaka, kimewaka, njoo wewe mwanamke! Naenda. Viatu viko wapi.

Paskazia, sikiliza. Ukifungua tena daftari hili usije na habari za mvua, wala nani kaolewa, wala mchicha. Na usikae tena miezi. Kitu cha kwanza, kabla ya tarehe, andika rangi ya mlango.